Kuondoa mikwaruzo ya duara kwenye rangi ya gari

Kuondoa mikwaruzo ya duara ni kazi ya kusawazisha uso wa rangi ya gari kwa mashine ya polishi, ili mistari myembamba inayoonekana juani kama utando wa buibui ipotee. Mikwaruzo hiyo haizibwi. Mashine hupunguza sehemu ya juu ya rangi mpaka uso ulingane na kina cha mkwaruzo, na ndiyo sababu gari moja haliwezi kufanyiwa kazi hii mara nyingi.

Tabaka za rangi

Magari mengi ya siku hizi yana rangi ya tabaka kadhaa. Tabaka za chini hukinga bati lisipate kutu, inayofuata hubeba rangi yenyewe, na ya juu ni tabaka gumu, angavu, ambalo mafundi huliita klia. Unene wa tabaka zote kwa kawaida ni mikromita 100 hadi 150 hivi, yaani milimita 0.1 hadi 0.15. Klia peke yake mara nyingi ni mikromita 35 hadi 50, nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Ndani yake mna kemikali zinazofyonza mionzi ya urujuanimno. Ikipunguzwa mno, jua huishinda: hupauka, kisha hubanduka vipande vipande, na hapo hakuna polishi inayosaidia, dawa ni kupiga rangi upya.

Asili ya mikwaruzo

Mikwaruzo yenyewe aghalabu si ya duara. Imetapakaa kila upande, lakini ile iliyokingama na mwanga ndiyo inayourudisha machoni, hivyo mtazamaji huona miviringo ikizunguka taswira ya jua au taa. Akisogea, nayo husogea. Kwenye rangi nyeusi huonekana zaidi kuliko kwenye nyeupe.

Husababishwa na chembe za mchanga zilizonaswa katika sponji au tambara la kuoshea. Kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu, kazi ya kila asubuhi kwa madereva wengi, ni sawa na kupiga msasa mwepesi.

Mashine

Ziko aina mbili kuu. Ya kwanza huzungusha pedi kwenye mhimili mmoja. Hukata haraka, lakini hupasha rangi joto, na mikononi mwa asiye na uzoefu huacha alama za mawimbi au hufika hadi kwenye bati. Ya pili huzungusha pedi huku ikiiyumbisha, na katika mashine nyingi za aina hii pedi husimama ikikandamizwa sana. Ni ya polepole zaidi, nayo inamfaa anayejifunza.

Utaratibu

Gari huoshwa na kukaushwa, kisha uchafu ulioganda husuguliwa kwa udongo maalumu wenye kilainishi. Kazi hufanyika kivulini, bati likiwa limepoa. Kingo, mipira na plastiki hufunikwa kwa utepe wa karatasi, kwa kuwa rangi ya kwenye kingo ni nyembamba na pedi huilia hapo kwanza.

Fundi makini hupima unene wa rangi kwa kipimo cha elektroniki, kisha hujaribu eneo dogo la boneti akianza na pedi laini na polishi isiyo kali. Ikitosha, haendelei na iliyo kali zaidi. Husogeza mashine taratibu kwa mistari inayopandana, mara chache kwa urefu na kwa upana, akisafisha pedi kila mara. Mwisho hufuta kwa pombe ya isopropili iliyochanganywa na maji, kwa sababu mafuta ya polishi huweza kuficha mikwaruzo ambayo bado ipo. Mteja anayekabidhiwa gari kabla ya hatua hiyo anaweza kuiona ikirudi baada ya kuosha mara mbili tatu.

Mkwaruzo unaonasa ukucha huwa ni wa kina mno. Kuufuata hadi mwisho ni kuimaliza klia.

Magari yaliyotumika

Magari mengi ya Tanzania na Kenya huingizwa yakiwa yameshatumika, hasa kutoka Japani. Mng'ao wake haumwonyeshi mnunuzi yamepigwa polishi mara ngapi. Kipimo nacho husoma jumla ya tabaka zote, si klia peke yake, kwa hiyo bati lililopigwa rangi upya laweza kutoa namba kubwa hali klia yake ni chache.