Insafu, Si Haki Tupu

Dhana ambayo Luigi Taparelli, padri Mjesuti wa Italia, aliipa jina katika miaka ya 1840, na ambayo John Rawls aliipa nguvu mpya ya kifalsafa mwaka 1971, huitwa katika maandishi mengi ya Kiswahili kuhusu maadili ya elimu "haki ya kijamii", na mara nyingine, ndani ya waraka huo huo, "haki za kijamii", kana kwamba herufi moja ya kiunganishi haina kazi. "Haki za kijamii" ni stahili ambazo mtu huzidai, kama vile matibabu, makazi na shule, ilhali dhana inayozungumzwa ni namna jamii inavyogawa neema na mizigo yake. Istilahi inayotenganisha mambo hayo mawili kwa kutegemea ngeli ambamo nomino haibadiliki katika umoja wala wingi ni istilahi dhaifu, na kamati zilizoipitisha zingeling'amua hilo iwapo zingeisoma orodha yao kwa sauti kabla ya kuipiga chapa.

Kasoro inaanzia katika neno "haki" lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, ambako humaanisha ukweli, jambo lililothibiti na kile anachostahili mtu, na shina hilo ndilo lililozaa "hakika", "uhakiki" na "stahiki". Wanaoliingiza "mahakama" katika ukoo huu wanakosea, kwa kuwa mahakama, hakimu, hukumu na hekima ni ya shina jingine, lenye herufi ambayo Kiarabu huitofautisha na Kiswahili hakiitofautishi. Haki, basi, inamtazama mdai na kile kilicho chake. "Usawa" nao hupima kimo, kama katika usawa wa bahari, na kimo hakijali nani alianzia bondeni. Ama "uadilifu", ambao baadhi ya wapinzani wa pendekezo la "insafu" wanaushabikia, asili yake ni kusawazisha mizigo, lakini katika Kiswahili umekuwa sifa ya tabia: mwalimu mwadilifu hapokei rushwa, na anaweza kuutumikia kwa uaminifu mfumo unaowadhulumu nusu ya wanafunzi wake.

Linabaki "insafu", neno la kale lililozoeleka pia katika Kiajemi, Kiurdu na Kituruki, ambalo shina lake ndilo lililotupa "nusu". Imedaiwa, kwa haraka isiyowastahili wanaojiita wanaisimu, kwamba nusu kwa nusu ni usawa tu na kwa hiyo insafu haiongezi kitu. Hoja hiyo inasimama kwenye shina na kuusahau mnyambuliko, kwa maana kitenzi cha Kiarabu kilichozaa insafu kilikwisha kuvuka maana ya kukata vipande viwili kikafika kwenye kumpa mwenzio anachostahili, hata pale inapombidi mtoaji ajihukumu mwenyewe. Haki huanza kwa anayedai. Insafu huanza kwa aliyeshika, na maadili ya elimu yanamhoji hasa huyo aliyeshika: mwenye bajeti, mwenye walimu, mwenye mtaala.

Tofauti hiyo si ya vitabuni pekee. Ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, iliyowekwa Tanzania Bara chini ya elimu bila ada, ina usawa kamili, lakini shule ndogo ya kijijini, yenye watoto wachache na gharama zisizopungua kwa uchache wao, hupata fungu dogo kuliko jirani yake wa mjini. Hapo usawa upo na insafu haipo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 10, inataja usawa na haki za binadamu, na kando yake, kama maadili yanayojitegemea, mgawo wa haki katika jamii na wajibu wa kumtendea kila mtu kwa kadiri ya hali yake, kiasi kwamba mfasiri mwenye "haki" na "usawa" tu mkononi huishiwa maneno kabla kifungu hakijaisha.

Pingamizi la mwisho, kwamba insafu ni neno geni lenye harufu ya Kiarabu, lingekuwa na uzito kama halingetolewa na watu wanaotumia kila siku elimu, jamii, maadili na istilahi, maneno yote ya asili hiyo hiyo, katika vikao vya kamati, neno ambalo lenyewe ni la Kiingereza. Kuhusu matumizi, yatosha kuandika "insafu ya jamii", "sera yenye insafu" na "kutenda insafu", na "haki za kijamii" ziachiwe wanasheria, ambao wanajua la kuzifanyia.