Raia wa Mfalme: Nairobi, Machi 1922

Mwaka 1649 Waingereza walimkata kichwa mfalme wao, Charles wa Kwanza, baada ya ugomvi mrefu uliohusu pia kodi zilizotozwa bila idhini ya Bunge. Walipoifanya Kenya koloni la Mfalme George wa Tano mwaka 1920, idhini ya Mwafrika haikuulizwa. Kodi ya kichwa na ya nyumba ilipanda, na mwaka uliofuata walowezi wakapunguza mishahara. Kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande, cheti chenye alama za vidole, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni.

Harry Thuku, mhudumu wa simu wa Hazina ya serikali, aliyapinga haya hadharani. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922 na kufungiwa kituo cha polisi. Umati ukaja kumdai. Tarehe 16, wazee waliokwenda kuonana na wakubwa walirudi wakiwasihi watu waende zao. Mwanamke mmoja katika umati, Mary Muthoni Nyanjiru, hakukubali. Alilipandisha gauni lake hadi mabegani, akawaambia wanaume wamvulie suruali azivae yeye. Vigelegele vikalipuka, watu wakasonga langoni.

Askari walifyatua risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Inasimuliwa kwamba Wazungu barazani pa Hoteli ya Norfolk, kwenye barabara ambayo leo ina jina la Thuku, nao walifyatua. Serikali ilitaja maiti 21. Waafrika walihesabu zaidi. Thuku alipelekwa Kismayu bila kesi, akakaa uhamishoni karibu miaka tisa.