Nguo Zilizokunjwa North Head

Niliacha chuo mwaka wa pili. Kozi ilikuwa hesabu, na sehemu kubwa nimeisahau, isipokuwa mhadhiri mmoja aliyependa kutugombeza: usianze na jibu halafu ukatafuta njia ya kulifikia. Nilimkumbuka Januari 2023, mwili wa Edwin Chiloba ulipopatikana ndani ya sanduku la chuma kando ya barabara huko Uasin Gishu. Mitandaoni kila mtu alikuwa na jibu tayari. Wengine walisema ni chuki, wengine mambo ya mapenzi, na wengine, wasio na haya, ati alijitakia. Usingizi ulikataa. Nikaanza kusoma kesi za zamani za mashoga waliouawa, na hapo ndipo nikakutana na kijana mwingine wa hesabu, aliyekufa Australia kabla hata sijazaliwa.

Anaitwa Scott Johnson. Alikuwa Mmarekani wa miaka 27, akikaribia kumaliza shahada ya uzamifu. Desemba 10, 1988, mwili wake ulikutwa uchi chini ya majabali ya North Head, Manly, jijini Sydney. Juu ya jabali kulikuwa na nguo zake, zimekunjwa vizuri. Pochi haikuonekana. Polisi wakasema amejiua, na Machi 1989 mahakama ya uchunguzi wa vifo ikakubaliana nao. Faili ikafungwa.

Hebu tusimame kwa hizo nguo kidogo. Polisi walizisoma kama kwaheri: mtu amepanga vitu vyake, akaruka. Lakini pale juu palikuwa mahali ambapo wanaume walienda kukutana na wanaume wenzao, na mtu anaweza kuvua nguo na kuzikunja kwa sababu za kawaida kabisa. Mahakama iliambiwa kuwa eneo hilo halikujulikana kwa mambo hayo. Halikujulikana na nani? Mashoga wa Sydney wangewaambia, kama wangeulizwa, na kama wangethubutu kujibu. Sheria ya jimbo la New South Wales ilikuwa imeacha kuwahesabu kuwa wahalifu mwaka 1984, miaka 4 tu nyuma. Sheria hubadilika kwa kura bungeni. Lakini yule afisa aliyekuwa akikukamata jana bado yuko dawati lilelile la kuripoti, na ni yeye utakayemwambia ulikuwa unafanya nini jabalini usiku.

Na huko nje vijana walikuwa wakiwinda. Miaka hiyo magenge ya wavulana yaliingia kwenye bustani na njia za pwani kupiga mashoga, wengine wakasukumwa baharini. Upande wa Bondi kuna bustani inaitwa Marks Park. Julai 1989 Ross Warren, msomaji wa habari wa televisheni mwenye miaka 25, alipotea huko. Marafiki zake wakaenda kumtafuta, wakapata gari lake, kisha funguo zake miambani. Polisi wakaamua ameanguka. Novemba mwaka huohuo John Russell akakutwa amekufa chini ya jabali karibu na hapo, nywele za mtu zimenata mkononi mwake. Ushahidi gani tena unautaka? Nywele hizo zilipotea mikononi mwa polisi kabla hazijapimwa.

Mama yake Warren, Kay, aliandika barua kwa polisi, akaandika tena. Miaka ikapita hadi moja ikamfikia mpelelezi aitwaye Stephen Page, naye akaamua kuifuatilia. Mwaka 2005 mahakama ya uchunguzi ikatamka kwamba Warren na Russell waliuawa.

Habari hizo zikavuka bahari zikamfikia Steve, kaka yake Scott, ambaye hakuwahi kuamini kwamba ndugu yake alijiua. Sasa, hapa ndipo mimi hukereka. Steve alikuwa amepata pesa kwenye teknolojia. Mwaka 2007 aliweza kumlipa mwandishi wa upelelezi, Daniel Glick, aende Sydney akafanye kazi ambayo ilikuwa ya polisi. Kay alikuwa na kalamu na stempu tu.

Mwaka 2012 uchunguzi wa pili ukafuta neno kujiua na kuacha swali wazi. Mwaka 2017 ule wa tatu ukasema Scott alianguka kwa sababu ya kushambuliwa, au kutishiwa, na watu waliomdhania shoga. Serikali ikaweka zawadi ya dola milioni 1, na mwaka 2020 Steve akaongeza milioni nyingine. Mei 2020 akakamatwa Scott White, aliyekuwa na miaka 18 wakati wa kifo kile. Alikiri mauaji, akafungwa, akakata rufaa, hukumu ikafutwa, na mwaka 2023 akakiri kuua bila kukusudia. Miaka 9. Nilitarajia jaji atasema wazi kwamba ilikuwa chuki. Katika ile hukumu ya kwanza, jaji alisema hilo halikuthibitishwa pasipo shaka. Nilikasirika, kisha nikamkumbuka yule mhadhiri. Mimi pia nilikuwa nimeanza na jibu.

Polisi wenyewe walikuja kupitia vifo 88 vya kati ya 1976 na 2000 vilivyoshukiwa kutokana na chuki. Baadaye ikaundwa tume chini ya Jaji John Sackar, na ripoti yake ya Desemba 2023 imejaa vitu vilivyopotea: vielelezo, mafaili, nguo. Februari 2024 mkuu wa polisi wa jimbo akaomba familia msamaha.

Mwili wa Ross Warren haujapatikana. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kifo chake. Zilipatikana funguo tu, na waliozipata ni marafiki zake.