Lokole ndani ya kompyuta: namna mashini mbili zilivyokuwa moja

NYANGWE, Maniema – Stanley alipoondoka Nyangwe mwezi wa Novemba 1876 ili ashuke na mto Lualaba, habari zake zilimtangulia. Huko chini ya mto, ngoma za gogo zilikuwa zinaita kijiji kwa kijiji. Lokole ina sauti mbili, ya juu na ya chini. Mpigaji anazipanga zipande na kushuka kama maneno ya watu, na anayesikia anaelewa. Kwa hiyo mpigaji ana kazi mbili: kuitoa sauti, na kuipanga kwa wakati wake.

Mashini za muziki zilichukua muda mrefu kuunganisha kazi hizo mbili. Sampla inanasa sauti yoyote, iwe mlio wa ngoma au wimbo wa bibi, na kuirudisha ukibonyeza. Sikwensa yenyewe hainasi sauti. Inashika mpango tu: nini kilie kwanza, nini kifuate, na baada ya muda gani.

Mwaka 1979, kule Sydney, Australia, Peter Vogel na Kim Ryrie walitoa Fairlight CMI, kompyuta ya kunasa sauti. Mwaka 1982 iliongezewa ukurasa wa kupanga midundo. Lakini bei ilikuwa makumi ya maelfu ya dola, mzigo wa matajiri.

Mwaka 1987 Mjerumani Karsten Obarski alitoa Soundtracker, programu ya kompyuta ya nyumbani iitwayo Amiga. Sauti zilizonaswa zilipangwa katika safu nne, zikisomwa kutoka juu kwenda chini. Mwaka uliofuata ikaja MPC60 ya Akai, iliyobuniwa na Roger Linn: sampla na sikwensa katika sanduku moja. Iliweza kushika sekunde 13 hivi za sauti, na kwa mafundi wa rap hizo zilitosha.

Mlango wa watu wa kawaida ulifunguliwa Ubelgiji. Mwishoni mwa 1997 kampuni ya Image-Line ilitoa FruityLoops, kazi ya Didier Dambrin. Ilianza kama programu ndogo ya kupanga midundo, ikakua mpaka kubeba kila kitu, na mwaka 2003 ikaitwa FL Studio. Sasa kompyuta moja, hata ya mitumba, ilitosha kuwa studio.

Dar es Salaam, vijana wa Sisso Studio mtaani Mburahati walikata vipande vya muziki na kuvikimbiza zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Ndiyo singeli, iliyotoka katika albamu Sounds of Sisso mwaka 2017. Na Rey Sapienz, mtoto wa Bunia, alikwenda Kampala mwaka 2012. Vita vya mashariki mwa Kongo vikamzuia kurudi. Huko huko akajenga muziki wake, na mwaka 2021 akatoa Na Zala Zala pamoja na The Congo Techno Ensemble.

Hapo ndipo habari hii inawagusa waliokimbia Kasongo na Kabambare. Anayekimbia usiku habebi gogo la lokole. Anabeba mtoto, sufuria na simu. Simu hiyo inaweza kunasa mapigo ya mzee kambini, na kijana mwenye kompyuta akayapanga upya.

Lakini mashini haijui lugha. Inashika mlio, haishiki maana. Mzee akifa bila kueleza kwamba pigo hili ni la msiba na lile ni la kuita watu barzani, kitakachobaki ni kelele tamu tu. Na sauti isiyo na jina la mpigaji wala kijiji chake, kesho itauzwa kama mali isiyo na mwenyewe.

Basi anayenasa anase pigo, kisha amwombe mzee aseme jina lake, kijiji chake, na maana ya alichopiga. Maneno hayo yabaki pamoja na sauti yake.