DAKTARI ALIYEKUBALI KUWA MTUPU



Katika Mathayo 18 wanafunzi wanauliza nani aliye mkubwa katika ufalme wa mbinguni. Yesu hakuwapa orodha ya vyeo. Alimwita mtoto mdogo, akamsimamisha katikati yao. Leo tuone neno hilo lilivyotendeka hapa kwetu Afrika Mashariki.

Mwaka 1928 daktari kijana Mwingereza, Joe Church, alianza kazi katika hospitali ya misheni huko Gahini, Rwanda. Njaa kali ikawapiga watu wa upande ule. Kufikia Septemba 1929 alikuwa amechoka mwili na roho, akaenda Kampala kupumzika. Pale kilima cha Namirembe akakutana na Mganda, Simeoni Nsibambi, aliyeajiriwa na serikali katika kazi ya afya.

Kumbuka nyakati zile. Mzungu ndiye aliyefundisha, Mwafrika akasikiliza. Lakini daktari huyu alikubali kwamba ni mtupu. Nsibambi naye alikuwa na kiu ileile. Kwa siku mbili wakakaa na Biblia, wakitafuta inasema nini juu ya Roho Mtakatifu, wakaomba pamoja. Hapakuwa na mkubwa kati yao.

Nsibambi aliacha kazi, akawa mhubiri. Ndugu yake, Blasio Kigozi, alitumika Gahini. Katika miaka ya 1930 moto ukaenea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Watu waliungama hadharani, wakarudisha walivyoiba. Wamisionari waliungama kiburi chao mbele ya Waafrika. Ndipo Tukutendereza ukawa wimbo wetu sote.

Usidhani unyenyekevu huo ulikuwa woga. Miaka ya 1950 hapa Kenya, ndugu wengi wa uamsho walikataa kiapo cha Mau Mau, na wako waliokataa pia bunduki za serikali. Baadhi yao waliuawa. Aliyekwisha kujishusha mbele za Mungu hana cha kulinda tena.

Sasa tujiangalie. Siku hizi tuna Askofu, Mtume, Nabii, na ole wako ukisahau kutaja cheo. Nami nimo. Majuzi nilimkaripia mzee mmoja wa kanisa mbele ya watu, na kosa lilikuwa langu. Nilimwomba msamaha ofisini, mlango umefungwa. Nilipoomba usiku, swali moja halikuniacha: ulimwaibisha wapi? Kwa hiyo Jumapili hii, kabla sijafungua Neno, nitamwomba msamaha palepale nilipomkosea. Niombeeni.

Na wewe mpendwa, ni nani anayejua unapoumia? Mtoto akianguka hulia, na mama husikia. Sisi tukianguka tunajifuta vumbi haraka, tunasema "niko sawa." Wiki hii mtafute ndugu mmoja umwambie ukweli. Kama kuna uliyemkosea, usingoje aje kwako.

Mbarikiwe sana. Amina.