Nani Alitoboa Siri za Ziwa?

Kazi ya kuwinda wapelelezi inafanana zaidi na kazi ya avoka kuliko ya askari. Ni kumkalisha mtu, kumsikiliza, kupima maneno yake, kisha kesho kumuuliza jambo lile lile kwa njia nyingine. Ndiyo maana katika Vita Kuu ya Pili Uingereza iliwatoa mawakili mahakamani, akiwemo Helenus Milmo, ikawatia katika idara yake ya kupambana na majasusi. Kwenye mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika, kutoka Uvira kushuka Mboko, Baraka hadi Kibamba, wawindaji wa aina hiyo wamepita wengi, lakini avoka wa kumtetea mshukiwa hakuonekana. Mvuvi anayekutwa ziwani usiku na karabai yake, mama wa ndagala anayevuka kwenda Bujumbura asubuhi na kurudi jioni: hao ndio hushukiwa kwanza vita inapofika. Nasema wameonewa. Ukichambua mambo yaliyotokea, utaona siri kubwa za ziwa hili zilitobolewa na wageni wenyewe, tena mara nyingine kwa mkono wao na kwenye karatasi yao.

Tuanze na Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza. Tarehe 15, meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann ilishambulia Mokolobu, kwenye ufuo wa Kongo, ikazamisha mitumbwi na kukata waya wa simu. Mtumbwi na waya vilitiwa kapu moja, yaani Mjerumani alishaamua kwamba mwenye mtumbwi ni mbeba habari. Je, alikuwa mbeba habari kweli? Mwaka uliofuata Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, zikakokotwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, mamia ya vibarua wakikata njia mbele yake. Zilifika Lukuga, Kalemie ya leo, Oktoba 1915. Msafara kama huo haufichiki kwa wenyeji. Hata hivyo, mwanzoni mwa Desemba kamanda wa Kijerumani pale Kigoma, Gustav Zimmer, alikuwa bado hajui nini kinaandaliwa, ikabidi ofisa wake Rosenthal aende kuchungulia bandari, mwishowe kwa kuogelea usiku katika maji yenye mamba. Kama mwambao ungekuwa unavuja habari, kwa nini ofisa mzima avue nguo na kujitosa ziwani?

Rosenthal alikamatwa na Wabelgiji, waliotawala Kongo wakati huo. Wakamruhusu kuandika barua kwenda Kigoma kuomba vitu vyake, naye akaongeza maneno ya siri kwa wino wa mkojo, ambao hauonekani karatasi inapokauka. Waliomkamata hawakuona kitu. Zimmer naye hakuona kitu, mpaka miezi ikapita. Tarehe 26 Desemba meli yake Kingani ilijipeleka yenyewe mikononi mwa Mimi na Toutou, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig ikazamishwa. Onyo lilikuwa mezani kwake, limekauka.

Mwaka 1964 hauna mengi. Gaston Soumialot aliandaa uasi dhidi ya serikali ya Kongo akiwa Bujumbura, mwendo mfupi tu kutoka Uvira, na hakujificha sana. Uvira ulipoanguka Mei hakukuwa na siri ya kutoboa. Aliyetoboa siri mwezi huo alikuwa Tung Chi-ping, mtumishi wa ubalozi wa China uliokuwa Bujumbura, aliyekimbilia kwa Wamarekani.

Ushahidi mzito zaidi ni wa 1965. Tarehe 24 Aprili Che Guevara alivuka kutoka Kigoma akashuka Kibamba kuwasaidia waasi, na Wakuba zaidi ya 100 wakafuata kwa awamu. Walijificha kwa majina ya hesabu yetu: Moja, Mbili, na yeye Che akawa Tatu. (Pwani, Tatu ni jina la mtoto wa kike, sijui kama kuna aliyethubutu kumwambia.) Wenyeji waliwaona, waliwabebea mizigo, na kijana Freddy Ilanga alimfundisha Che Kiswahili kila siku. Miezi miwili ilipita bila adui kupata uthibitisho. Ulipatikana tarehe 29 Juni, waliposhambulia Bendera: Wakuba wanne waliuawa, na kwenye mabaki yao ikaokotwa shajara, ingawa amri ilikuwa kuacha nyuma kila karatasi.

Msomaji atauliza: je, si kwamba tunaona karatasi tu kwa sababu karatasi ndiyo inayobaki, na neno lililonong'onwa sokoni halina kumbukumbu? Swali ni la haki, na sidai kwamba hakuna mwenyeji aliyewahi kuuza habari. Njaa na bunduki humfanya mtu aseme. Lakini neno linaloaminika huacha alama katika matendo ya aliyeambiwa. Zimmer hakutenda kama mtu aliyeambiwa. Alipeleka meli mbili, moja baada ya nyingine, kwenye mtego ule ule. Mwingine atasema wenyeji walinyamaza kwa woga tu. Huenda. Ila woga ulikuwa wa pande zote mbili, na mwenye kuogopa pande zote angeweza pia kuzisemea zote mbili. Wengi hawakufanya hivyo, na hilo lihesabiwe kwa upande wao.

Usiku wa Novemba 1965 Wakuba walirudi Kigoma kwa mashua, na Che akaandika kitabu chake. Wavuvi hawakuandika. Waliokuwa na miaka 20 mwaka ule sasa wamevuka 80, na bado wapo Baraka, Mboko na Uvira. Wewe uliye na simu ya kurekodi, kaa nao, waulize, kabla kesi hii haijabaki na shahidi wa upande mmoja.