Ujira wa Utunzaji: Historia Fupi ya Kipato katika Programu Huria

Makala haya yanafuatilia namna waundaji wa programu huria walivyojipatia riziki tangu mwaka 1984. Hoja yake ni kwamba kilichouzwa katika historia hii hakikuwa programu yenyewe, bali huduma zilizoizunguka. Pale ambapo huduma haikuwa na mnunuzi, kazi ya utunzaji ilikosa ujira.

Programu huria ni ile ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuisambaza. Januari 1984 Richard Stallman aliacha kazi katika taasisi ya MIT, Marekani, ili aandike mfumo wa GNU. Mwaka uliofuata alijikimu kwa kuuza kanda za Emacs, programu yake ya kuhariri matini, kwa dola 150. Aliyekuwa na mtandao aliipata bure. Mnunuzi alilipia kanda na kazi ya kuiandaa.

Mwaka 1989 Michael Tiemann, John Gilmore na David Henkel-Wallace waliigeuza njia hiyo kuwa biashara kamili. Kampuni yao, Cygnus, iliuza mikataba ya kurekebisha na kuhudumia zana za GNU kulingana na mahitaji ya wateja. Red Hat, iliyofanya vivyo hivyo kwa mfumo wa Linux, ilikubali kuinunua Cygnus mwaka 1999. Mwaka 2019 IBM iliinunua Red Hat kwa takriban dola bilioni 34. Hivyo basi, ilikwisha kuthibitika kwamba programu inayotolewa bure inaweza kulipa mishahara.

Hata hivyo, mishahara hiyo ilifuata mahitaji ya mteja, si mahitaji ya programu. Aprili 2014 ilitangazwa dosari iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu iliyolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani. Dosari hiyo ilikuwa imekaa humo kwa takriban miaka miwili. Michango iliyopokelewa na mradi huo ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Watunzaji wake wachache walitegemea kandarasi za wateja waliotaka vipengele vyao wenyewe. Kukagua msimbo wa zamani kwa manufaa ya wote hakukuwa na mlipaji.

Afrika Mashariki imepitia sura nyingine ya tatizo hilo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ufadhili wa Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Mafanikio hayo yalithibitisha uwezo wa wataalamu wetu. Lakini fedha za mradi zina tarehe ya mwisho, ilhali tafsiri ya programu huhitaji kuhuishwa kila toleo jipya linapotoka. Mfadhili hulipia uzinduzi. Miaka inayofuata hubaki mikononi mwa wanaojitolea.

Ujerumani ilichukua mkondo tofauti mwaka 2022 ilipoanzisha Sovereign Tech Fund, mfuko wa umma unaolipia utunzaji wa programu huria za msingi. Funzo kwa watunga sera wetu ni bayana. Serikali inayotumia programu huria huokoa ada ya leseni, lakini haijaondokewa na gharama ya utunzaji. Imemwachia mtu mwingine aibebe. Bajeti ya TEHAMA isiyo na fungu la utunzaji hukopa jasho la watu ambao hawakuombwa ridhaa, na Heartbleed ilionyesha jinsi deni hilo linavyodaiwa.